Lori Lililokataa Kilima

"Turbo imekufa, afande. Imekufa kifo cha kawaida. Andika hivyo, kila mtu aende nyumbani kwake."

Aliyesema hayo alikuwa fundi mkuu wa kampuni ya malori, mtu mnene aliyevaa koti jeupe kama daktari wa meno, ingawa kazi yake ilikuwa kulala chini ya magari. Wenzake walimwita Profesa kwa kumkejeli, naye kwa jinsi alivyojipenda alilipokea jina hilo kama cheo. Alisimama kwenye uwanja wa nyuma wa kituo cha polisi, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukilinyooshea kidole lori lililoegeshwa kando ya ukuta kana kwamba ni mtoto mkorofi.

Inspekta hakuandika kitu. Pale kituoni walimwita Shubiri, wakidhani hajui. Alijua siku nyingi, na jina lile lilimkaa vizuri kuliko sare. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyewatazama watu jinsi anavyotazamwa nzi kwenye kikombe cha chai. Hakuwa na hasira naye, alitaka tu kujua ameingiaje.

"Uliifungua hiyo turbo?" aliuliza.

"Haina haja ya kufunguliwa."

"Uliitazama?"

"Niliisikiliza," Profesa alisema, akajigusa sikio. "Uzoefu, afande. Hili sikio ni chuo kikuu."

Shubiri alilitazama lile sikio kwa muda. Lilikuwa na nywele nyingi.

Lori lenyewe lilikuwa limetoka kwenye yadi ya kampuni wiki iliyopita, asubuhi, likiwa limebeba matairi mapya mpaka juu. Lilikwenda vizuri tambarare yote. Lilipoanza kupanda kilima cha kwanza likaishiwa nguvu, likajikokota mpaka kwenye kona na kusimama hapo. Muda mfupi tu likatokea gari dogo lenye wanaume wenye nondo, na nyuma yake lori jingine, tupu, lililokuja kufungasha. Matairi yakahama mchana kweupe. Msaidizi wa dereva alipigwa nondo ya kichwa, akafia barabarani. Dereva alipona na mchubuko kwenye paji la uso, na tangu siku hiyo alikuwa mahabusu, akijibu kila swali kwa kutazama viatu vyake.

Kilichoipa kesi ladha, kwa maneno ya Mkuu wa kituo, ni kwamba marehemu alikuwa mume wa dada wa huyo huyo dereva. Mtu amemuuza shemeji yake kwa shehena ya matairi! Mkuu aliipenda hadithi hiyo mpaka akawa anaisimulia kwenye simu. Gari haliwezi kufa lenyewe mahali pale pale ambapo majambazi wanasubiri, alisema, kwa hiyo dereva ndiye aliyelisimamisha. Kesho asubuhi apelekwe mahakamani kwa mauaji. Kesi imejipika yenyewe. Shubiri alikuwa ameona kesi nyingi za kujipika katika kazi yake, na zote zilikuwa mbichi katikati.

"Nimemwita mtu wa kutazama injini," alimwambia Profesa.

"Mtu gani tena? Mimi nipo."

"Ndiyo maana nimemwita."

Mtu mwenyewe aliingia getini wakati huo. Alikuwa mwalimu wa injini kutoka chuo cha ufundi, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alibeba mashine yake ya kupimia ndani ya sanduku la ngozi, na dharau yake bila sanduku lolote. Aliwadharau wanafunzi wake, wazazi wao, na kila mtu aliyewahi kushika spana bila ruhusa yake. Alimtazama Profesa, akalitazama lile koti, kisha akamgeukia Shubiri.

"Huyu ni mpishi?"

"Ni fundi mkuu."

"Mungu atusaidie," alisema Mwalimu. "Inueni kichwa cha lori."

Kichwa cha lori kililazwa mbele, injini ikabaki wazi na vumbi lake na mafuta yake. Mwalimu alilegeza bomba kubwa la hewa, akaingiza vidole, akalizungusha gurudumu dogo la turbo. Lilizunguka kimya kimya, likaendelea hata alipoliachia.

"Marehemu wako ana afya njema kuliko wewe," alimwambia Profesa.

Profesa alikohoa. "Labda imefufuka. Chuma kikipoa huwa hivyo."

"Nyamaza," Shubiri alisema. "Mwalimu, nieleze. Polepole, lakini usinieleze kama mtoto."

"Ninawaeleza watu wazima kama watoto kwa sababu watoto wanaelewa." Mwalimu alipangusa vidole. "Moshi wa injini hii hautoki hivi hivi. Ukitoka kwenye silinda unapita kwenye turbo, unasukuma gurudumu. Upande wa pili kuna gurudumu jingine, yote mawili yako kwenye ekseli moja. Hilo linavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa nyingi, dizeli nyingi, nguvu nyingi. Mpaka hapo tuko pamoja?"

"Endelea."

"Kuzunguka gurudumu la moshi kuna vibao vidogo vinavyojifunga na kufunguka. Vikibana, njia inakuwa nyembamba, moshi unapita kwa kasi, gurudumu linakimbia. Lakini kila vibao vinapobana, moshi unarundikana nyuma yake. Ukizidi, injini inaanza kukabwa na moshi wake mwenyewe. Kwa hiyo kompyuta ya gari lazima ijue, wakati wote, moshi umebanwa kiasi gani kabla ya kufika kwenye turbo. Nani anaiambia?" Alimgeukia Profesa. "Mpishi, nani anaiambia?"

"Sensa," Profesa alisema kwa sauti ndogo.

"Sensa ya mgandamizo wa ekzosi. Iko wapi?"

Profesa alianza kutazama huku na huku. Mwalimu hakumsubiri. Alionyesha, upande wa kushoto wa injini, kidude cheusi cha plastiki kilichofungwa mbali na joto, kimeunganishwa na mrija mwembamba wa chuma uliotokea kule ambako moshi hutoka kwenye silinda.

"Pale moshi unapotoka ni moto wa kuyeyusha plastiki. Sensa ingewekwa pale ingekuwa ugoro. Kwa hiyo inawekwa mbali, na mrija unailetea habari. Ndani yake kuna ngozi nyembamba ya chuma, ngozi kama ya ngoma. Moshi ukibanwa, ngozi inabonyea. Ikibonyea, umeme unaorudi kwenye kompyuta unapanda. Injini ikiwa imezimwa unarudi umeme kidogo tu, nusu volti hivi. Lori likiwa na mzigo mlimani unapanda, unakaribia tano. Kompyuta inasoma, inajua ibane vibao au ilegeze. Ni kazi ya uaminifu. Hiki kidude hakina faida ya kusema uongo, tofauti na watu."

"Na leo kinasema nini?"

Mwalimu alipenyeza mkono kwenye kichwa kilicholala, akaunganisha mashine yake chini ya usukani, akafungua swichi bila kuwasha injini. Akasoma. "Mgandamizo ni ule ule wa hewa ya nje. Sawa, injini imelala. Washa."

Shubiri aliwasha mwenyewe, kwa kitufe kilicho pembeni ya injini. Lori lilinguruma, uwanja ukajaa harufu ya dizeli. Mwalimu alibonyeza mashine yake, akaiamuru turbo ibane vibao mpaka mwisho. Mlio wa injini ukabadilika, ukawa mzito, kama mtu anayepanda ngazi na gunia begani. Mwalimu alimwonyesha Shubiri kioo cha mashine. Namba ya sensa haikutikisika.

"Injini inakabwa," Mwalimu alisema, "na sensa inasema hakuna kitu. Inaota jua."

"Masizi!" Profesa alidakia, uso ukimng'aa. "Mrija umejaa masizi. Huwa unaziba. Si nilisema?"

"Ulisema turbo imekufa."

"Nilisema kwa ujumla."

"Mrija ukiziba kwa masizi," Mwalimu alisema, "unaziba kuanzia kwenye moto, polepole, mwezi baada ya mwezi. Sensa inaanza kuchelewa, taa ya injini inawaka, inazimika, dereva analalamika, mpishi anapuuza. Hapa kompyuta ina kumbukumbu ya kosa moja tu, na lilitokea pale kilimani. Kabla ya hapo, hakuna hata chafya. Zima injini. Nipe spana."

Alilegeza nati iliyoshika mrija kwenye sensa. Ilitoka kwa ugumu kidogo. Mwalimu aliisogeza karibu na miwani, akakunja uso, akampa Shubiri.

Ndani ya nati, kwenye mdomo wa mrija, kulikuwa na kipande cha bati cha mviringo, kidogo kama kifungo cha shati. Kilikuwa kimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye kopo la soda, na rangi nyekundu ya kopo bado ilionekana upande mmoja. Na kwenye meno ya mdomo wa mrija, mahali nati inapojifunga, kulikuwa kumezungushwa tepu nyeupe, nyembamba, laini, mizunguko iliyopangwa vizuri, ukingo wake ukiwa umeanza kuwa wa kahawia kwa joto.

"Rudisha bila hiki kibati," Shubiri alisema. "Lakini subiri kwanza. Washa, nisikie."

Mwalimu aliwasha. Shubiri aliweka kiganja mbele ya mdomo wa mrija. Moshi ulimpiga kwa mapigo madogo ya moto, haraka haraka, ukamwachia doa jeusi kiganjani. Mrija haukuwa umeziba hata kidogo. Waliporudisha nati na kubana vibao tena, namba kwenye kioo ilipanda kama inavyotakiwa, ikashuka walipolegeza.

"Sasa niambie kwa nini kilimani," Shubiri alisema. "Kwa nini si getini kwa kampuni?"

Kwa mara ya kwanza Mwalimu alimtazama kama mtu. "Swali zuri. Tambarare injini haihitaji sana turbo. Moshi haubanwi sana, kwa hiyo sensa ikisema 'hakuna kitu' kompyuta inavumilia, inadhani mambo ni mepesi. Kilimani, na mzigo ule, kompyuta inabana vibao na kutegemea mgandamizo uongezeke. Inauliza sensa, sensa inasema hakuna kitu. Inabana zaidi. Bado hakuna kitu. Basi inaogopa. Inalegeza vibao vyote, inapunguza dizeli, inailinda injini isijivunje. Lori lenye nguvu za mamia ya farasi linageuka mkokoteni."

"Kwa hiyo aliyeweka kibati hiki alijua lori litafia wapi, hata akiwa amelala kitandani kwake."

"Kilima cha kwanza kikali. Dereva hana habari. Anakanyaga mafuta mpaka chini na gari halimsikii."

Kesi tamu ya Mkuu wa kituo ikawa imemwagika hapo hapo, kwenye ardhi yenye mafuta. Lakini Shubiri hakushangilia. Kibati kingeweza kuwekwa na dereva mwenyewe, ili aje aseme ameonewa na gari. Watu watatu ndio waliokuwa wakiruhusiwa kuinua kichwa cha lori lile: Profesa, dereva, na msaidizi aliyekufa. Alimgeukia wa kwanza na kumwonyesha ile tepu.

"Hii ni yako?"

Profesa aliitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile alikasirika kwa haki. "Tepu ya mafundi bomba? Kwenye ekzosi? Afande, mimi ni mvivu. Sikuifungua turbo, nakubali. Lakini hakuna fundi wa magari duniani anayefunga tepu hiyo kwenye mrija wa moshi. Ingekuwa upande wa moto ingeungua mara moja. Hii ni ya mabomba ya maji, ya vyoo! Mimi ni mpumbavu, lakini si mpumbavu wa aina hiyo."

Shubiri alimwamini. Upumbavu wa Profesa ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa na mipaka yake, na mipaka hiyo aliilinda kwa wivu.

Mchana ule alikwenda kwa mjane. Alitaka kusikia habari za dereva kutoka kwa mtu anayemchukia, maana wanaomchukia mtu huyakumbuka mambo yake vizuri. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili mwisho wa safu ya nyumba za kupanga, ukuta umepakwa rangi nusu, viti vya plastiki vya wageni bado vimepangana uani. Mjane alikuwa mwanamke mdogo mwenye macho yaliyovimba na shingo iliyonyooka. Hakumkaribisha kiti.

"Kama umetumwa na yeye, rudi," alisema.

"Sijatumwa na mtu. Naomba maji ya kunawa, mama. Nimeshika gari."

Mjane alimpeleka jikoni. Shubiri alifungua bomba, akaosha lile doa la masizi. Bomba lilifunga bila kuacha tone. Alipoinama kutafuta sabuni akaona mabomba yaliyo chini ya sinki. Kila kiungio kilikuwa kimezungushiwa tepu nyeupe, mizunguko imepangwa vizuri kama bandeji ya hospitali. Mpira wa mtungi wa gesi nao ulikuwa nayo. Hata mpini wa ufagio, na kifuniko cha chupa ya chai.

"Nyumba haina bomba linalovuja," Shubiri alisema.

"Livuje, na mume wangu fundi bomba?" Kitu kama kicheko kilimpita mjane usoni. "Alikuwa hawezi kufunga kitu bila kukizungushia ile tepu yake. Mkono wenyewe tu unakwenda. Nilimwambia, siku moja nikilala utanizungushia na mimi." Akajifuta macho kwa kiganja, kwa hasira. "Kazi ya mabomba ilipokuwa ngumu, huyo kaka yangu akamtafutia kazi kwenye lori. Akawa msaidizi wake. Nilimshukuru mpaka nikapiga magoti. Kumbe alikuwa anamtafutia kaburi."

"Una hakika ni yeye?"

"Si mmesema wenyewe? Si ndiyo habari ya mji mzima? Ametuma watu mara ngapi, nimpelekee hata shati. Sipeleki. Mkimfunga maisha, msiniite. Nikimwona nitamtemea mate."

Shubiri alikausha mikono yake polepole kuliko ilivyohitajika. Aliwadharau watu wengi kwa urahisi, lakini huyu alimpa kazi.

"Kuna karatasi unatakiwa kutia sahihi kituoni," alisema. "Hutalazimika kumwona. Nitakupeleka na kukurudisha."

Karatasi haikuwepo. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza katika kesi ile, na aliusema bila kupepesa. Alimkalisha mjane kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha mahojiano. Kisha akaingia, na mlango akauacha wazi upana wa mkono. Taratibu za kazi zilikataza jambo hilo, na Shubiri alizijua taratibu zote kwa moyo.

Dereva aliletwa. Alikuwa mtu mkubwa mwenye mabega ya kubeba magunia, ameketi kwa kujikunja kama anayetaka kuingia mfukoni mwake. Shubiri aliwafahamu wanaume wa namna hiyo na walimchosha kuliko wezi. Mwizi angalau anajua anachotaka. Hawa hukaa kimya na kujiona watakatifu.

Aliweka mezani kipande cha bati na ile tepu.

Dereva alivitazama. Rangi ikamtoka usoni. Akalamba midomo, na kwa mara ya kwanza tangu akamatwe akasema kitu kilichonyooka.

"Ni mimi. Mimi ndiye niliyeweka hicho."

"Vizuri. Uliweka wapi?"

"Kwenye sensa."

"Ipi?"

"Ile... ya moshi."

"Iko upande gani wa injini?"

Alisita. "Kulia."

"Iko kushoto. Ulitumia spana namba ngapi?"

Akavitazama viatu vyake.

"Uliziba mrija mwisho wa upande wa moto au wa upande wa baridi?"

"Wa moto."

"Wa baridi. Hujui hata hicho kidude kilipo, na bado unataka kukifia," Shubiri alisema. "Hata uongo wako ni wa mzembe. Nani aliyezungusha tepu?"

"Mimi."

"Nimetoka kunawa mikono kwa dada yako, chini ya sinki lake. Usinifanye mjinga. Wapo wanaolipwa kwa kazi hiyo, na wanaifanya vizuri kuliko wewe."

Dereva alifunika uso kwa mikono yake mikubwa. Mabega yakaanza kutikisika. Shubiri alisubiri, bila kumpa kitambaa.

"Asubuhi ile nilimkuta kichwa cha lori kimeinuliwa," dereva alisema nyuma ya viganja. "Akasema anatazama maji. Sikufikiria kitu. Gari lilipokataa kilima alikuwa ananitazama mimi, hatazami barabara. Hapo nikajua, lakini sikutaka kujua. Wakaja. Wakanishusha. Mmoja akainua nondo."

"Halafu?"

"Shemeji akaruka. Akapiga kelele, 'Meja, tulikubaliana hakuna kuguswa mtu!' Akajitia katikati. Ile nondo ilikuwa yangu, afande. Aliichukua yeye."

Dereva alishusha viganja.

"Kabla hajakata roho akaniambia, usimwambie dada yako. Alikuwa amechoka kuitwa mtu wa kubebwa, basi. Aliambiwa ni mali ya tajiri, hakuna mtu atakayeumia. Nimwambieje dada yangu kwamba mumewe alikuwa mwizi? Ana watoto wawili. Bora anichukie mimi. Mimi ni kaka, chuki ya dada nitaibeba. Afande, naomba, hata nikifungwa, usimwambie."

Shubiri aliegemea mbele.

"Nikuambie unachokifanya? Unadhani unamlinda dada yako. Unawalinda waliomuua mumewe. Wewe umekaa hapa unajipongeza kwa moyo wako mkubwa, wao wanauza matairi. Hilo jina ulilolisikia, umelikalia wiki nzima kama kuku. Meja ni nani?"

"Simjui. Nilisikia jina tu. Mtu mrefu, ana kovu hapa." Aligusa kidevu.

Mlango ulisukumwa.

Mjane alisimama kizingitini. Hakuwa akilia. Mkono mmoja ulikuwa umeshika fremu ya mlango, na vidole vilikuwa vimeikaza mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Dereva aliinuka nusu, akaanguka tena kwenye kiti.

"Meja namjua mimi," mjane alisema. Hakumtazama kaka yake. Aliongea na Shubiri, kwa sauti tulivu, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Walikuwa wakichimba mitaro ya maji pamoja na mume wangu, zamani. Anakaa nyuma ya kiwanda cha matofali, nyumba yenye geti la bluu."

Shubiri alipita mbele yake mpaka koridoni, akamwambia askari wa zamu achukue watu na gari, geti la bluu, nyuma ya kiwanda cha matofali, mtu mrefu mwenye kovu kidevuni. Aliposikia buti zinakimbia, akarudi.

Mjane alikuwa amesogea mpaka mezani. Sasa alikuwa akimtazama kaka yake.

"Dada," dereva alisema. "Dada, nilitaka tu..."

"Siku ya mazishi Meja alifika kabla ya watu wote," mjane alisema. "Alishika jeneza, upande wa kichwa. Alilia, kaka. Watu wakasema, tazameni rafiki wa kweli. Nikamfuata mbele ya watoto wangu, nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia asante, wewe ndiye ulikuwa ndugu yake, si yule aliyezaliwa na mama yangu."

Dereva aliinamisha kichwa mpaka kikagusa meza.

"Na wewe ulikuwa na jina lake mdomoni," mjane alisema. "Ukaniacha nimshukuru."